Maswali Yenu: Kurasa za Wateja Mikononi Mwako

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu walioajiriwa na mawakala wa masoko kuendesha mitandao ya kijamii ya wateja. Wengi mmeuliza namna ya kuandika chapisho linalovutia. Tulipozisoma barua zenyewe kwa utulivu, tuliona tatizo limeanza mapema zaidi: ruhusa hazikupangwa, makubaliano hayakuandikwa, kipimo hakikuwekwa. Kwa hiyo huko ndiko tulikokaa kwa muda mrefu. Maswali mafupi yako mwishoni.

Wakuu, nimeanza kazi kwenye wakala mwezi huu na nimekabidhiwa mteja wangu wa kwanza. Mteja mwenyewe amenitumia neno lake la siri kwa WhatsApp, akaniambia nianze mara moja. Nifanye nini kabla ya kuchapisha? — Mgeni kazini

Mdogo wetu, hongera kwa kazi. Neno hilo la siri usilitumie, na mwombe mteja alibadilishe leo hii. Ukiingia kwenye akaunti yake kwa simu ngeni, mtandao unaweza kuishuku na kuifunga kwa muda, na namba ya uthibitisho itakwenda kwenye simu yake yeye, pengine usiku akiwa amelala. Baya zaidi, jambo likiharibika hakuna atakayejua ni mkono wa nani: wako, wake, au wa mfanyakazi wa zamani aliyepewa neno lile lile.

Njia sahihi ni kupewa ruhusa, kila mtu akaingia kwa akaunti yake mwenyewe. Kwa Facebook na Instagram, mteja anafungua akaunti ya biashara ya Meta. Humo ndimo vinamowekwa ukurasa, akaunti ya Instagram, akaunti ya matangazo na pikseli (kipande cha msimbo kwenye tovuti kinachoieleza Meta wageni wamefanya nini), na vyote viwe mali ya mteja. Kisha anakwenda kwenye mipangilio, sehemu ya washirika, anaandika namba ya utambulisho ya biashara ya wakala na kuchagua kazi mtakazofanya: kuchapisha, kujibu ujumbe, kuendesha matangazo, au kuona takwimu tu. Bosi wako, upande wa wakala, ndiye anayekugawia wewe. YouTube ina sehemu ya ruhusa ndani ya YouTube Studio, LinkedIn ina wasimamizi wa ukurasa wa ngazi mbalimbali, TikTok ina Business Center. Kote huko huhitaji kulijua neno la siri la mteja.

Kwenye kikao cha kwanza mwombe mteja aifungue orodha ya wenye ruhusa mbele yako. Hapo ndipo mambo huibuka: mara ukurasa ulifunguliwa na mtu aliyekwisha kuacha kazi, na yeye ndiye msimamizi pekee, mara akaunti ya matangazo ni ya wakala aliyetangulia. Upande wa mteja wawepo watu wasiopungua wawili wenye mamlaka kamili, kila mmoja awe na uthibitishaji wa hatua mbili, na zile namba za akiba za kurejesha akaunti azitunze mteja nje ya simu. Kadi ya malipo nayo iwe ya mteja. Wakala anapotumia akaunti yake mwenyewe ya matangazo badala ya ile ya mteja, siku mkiachana kumbukumbu zote za matangazo na hadhira zilizokusanywa hubaki kwa wakala, na mteja anaanza upya kabisa. Si haki kwake, hata kama mkataba haukukataza.

Ruhusa zikishakaa sawa, soma. Pitia maoni na ujumbe wa siku 90 zilizopita, uandike maswali 10 yanayorudi zaidi, kwa maneno yale yale ya waulizaji. Hayo ndiyo machapisho yako 10 ya kwanza, na hutabahatisha kama yanahitajika. Sambamba na hilo andaa ukurasa mmoja wa taarifa za mteja: jina la chapa linavyoandikwa, herufi kubwa na ndogo, namba kamili za rangi zake, maneno yasiyotumika, bei za sasa na tarehe ziliposahihishwa mara ya mwisho, masharti ya kurudisha bidhaa, na jina la mtu wa kupigiwa simu mteja mkuu asipopatikana. Bei iliyopitwa na wakati ndiyo kosa la kawaida kuliko yote kwenye kazi hii, na huzuilika kwa kuangalia ukurasa huo kila Jumatatu.

Chapisho moja linarudishwa mara tano, mara sita. Leo anataka picha nyingine, kesho mkubwa wake anataka maneno mengine. Dizaina ameanza kunichukia. — Katikati ya mafahali wawili

Pole sana, ndugu yetu. Marekebisho yasiyokwisha huwa na vyanzo viwili: brifu, yaani maelezo mafupi ya kazi inayotakiwa, ilikuwa tupu, au wasemaji upande wa mteja ni wengi. Vyote viwili hutibiwa kabla dizaina hajafungua kompyuta.

Brifu isiwe ndefu. Iwe na majibu ya mambo matano: tunazungumza na nani, akishaona afanye nini, kwa nini atuamini, jambo gani haturuhusiwi kulisema, na itoke lini, wapi. Mteja aijibu kwa maandishi. Akisema “wekeni kitu cha kuvutia”, hiyo bado si brifu, na ukiipeleka kwa dizaina umemwagiza abahatishe.

Halafu tenganisha idhini ya maneno na idhini ya picha. Kwanza mteja apitishe maneno ya wiki mbili kwa pamoja, yakiwa kwenye lahajedwali, bila picha yoyote. Yakishapita ndipo dizaina aanze. Kubadilisha sentensi kwenye lahajedwali ni dakika moja. Kuibadilisha kwenye video iliyokwisha kuhaririwa, yenye sauti na maandishi yanayotembea, ni nusu siku. Hapo dizaina atakupenda tena.

Mstari mmoja wa kalenda inayofaa unasomeka hivi: Jumanne, 19:30; Instagram na Facebook; picha tatu za kupitisha kwa kidole, 1080 × 1350; swali linalojibiwa ni “ikifika haijanitosha nafanyaje?”; maneno kamili; kiungo chenye alama za kufuatilia; jina la mwandishi; jina la mwidhinishaji; mwisho wa idhini Ijumaa 12:00; hali: inasubiri. Tumeandika 19:30 kwa makusudi. Programu za kupanga machapisho hazijui saa yetu. Mteja akikuambia “saa mbili asubuhi” nawe ukaweka 02:00, chapisho litatoka watu wamelala. Kwenye kalenda tumieni saa 24, wote, bila kuchanganya, na hakikisha programu imewekwa kwenye majira ya mahali walipo wasomaji wa mteja.

Kwenye mkataba andikeni awamu mbili za marekebisho, mwidhinishaji mmoja kwa jina, na nini kitatokea asipojibu kwa wakati. Ushauri wetu ni kwamba asipojibu, chapisho lisitoke. Wako wanaoandika kwamba kimya ni idhini. Kwa dawa, fedha na chakula jambo hilo ni hatari, kwa sababu kosa la neno moja linaweza kumdhuru mtu. Na mrejesho ukija kama “haijakaa vizuri”, usiupeleke ulivyo. Muulize mteja: sehemu gani hasa, na msomaji atashindwa kuelewa au kufanya nini? Mara nyingi jibu ni kwamba nembo ingekuwa kubwa kidogo.

Naendesha wateja saba peke yangu. Bosi anasema wenzangu wanaweza. Ni mimi ndiye mzembe? — Nimechoka

Tupige hesabu, dada, maana hisia hazimshawishi bosi. Saa 8 kwa siku 20 ni saa 160 za mwezi. Toa robo kwa vikao vya ndani, barua pepe, likizo na mambo ya ghafla, zimebaki 120. Sasa chukulia mteja mwenye machapisho 12 kwa mwezi na kampeni moja ya kulipia. Kupanga, kuandika na kufuatilia kila chapisho saa moja na nusu, hata kama picha anatengeneza mwingine: saa 18. Kujibu maoni na ujumbe nusu saa kila siku ya kazi: saa 10. Kuangalia matangazo: 4. Ripoti: 4. Vikao na marekebisho: 6. Jumla ni saa 42. Wateja watatu wa aina hiyo tayari wanazidi saa 120 ulizonazo. Saba wanataka saa 294. Mteja mdogo, wa machapisho manane bila matangazo na bila ujumbe mwingi, anaweza kula saa 21 hivi, na hao unaweza kubeba watano.

Hizo ni hesabu za mfano, zako zitatofautiana. Kwa wiki mbili andika kila robo saa ilikwenda kwa mteja gani na kwa kazi gani. Kisha mpelekee bosi jedwali, ukiliweka kando ya kile mteja anacholipia. Karibu kila mara utakuta kinachokula muda ni kujibu ujumbe, kwa sababu hakimo kwenye mkataba: watu wamehesabu machapisho tu. Ombi lako kwa bosi liwe mojawapo ya mawili, saa za kujibu zitangazwe kwenye ukurasa na zamu za wikiendi zigawanywe, au mteja aongezewe gharama. Hapana, dada, si uzembe.

Mwezi uliopita tumetumia 600 kwenye matangazo ya Facebook na Instagram. Yameonekana mara 200,000, waliofikiwa ni watu 80,000, waliobofya 1,800, oda 36. Mteja anasema picha ni mbaya. Tubadilishe picha? — Mwendesha matangazo

Umefanya jambo jema kutupa namba zote, kwa hiyo twende nazo. Sarafu iwe yoyote ile.

Gharama ya kuonekana mara 1,000: 600 ukigawa kwa 200,000, mara 1,000, ni 3. Kila mtu ameliona tangazo mara 2.5 kwa wastani, na kwa mwezi mzima hiyo si kero. Waliobofya ni asilimia 0.9 ya mara lilipoonekana. Kila mbofyo umegharimu 0.33. Katika waliobofya, asilimia 2 wameagiza. Kila oda imegharimu 16.67.

Swali la kumuuliza mteja ni moja: oda moja inamwachia faida kiasi gani kabla ya gharama ya tangazo? Tuseme 12. Basi kila oda inampotezea 4.67, na ana haki ya kulalamika. Lakini tazama kinachotokea mkirekebisha sehemu moja kwa wakati. Mkipata picha nzuri mno hata wabofyaji wakapanda kutoka asilimia 0.9 hadi 1.2, mtapata mibofyo 2,400 na oda 48, kila moja kwa 12.50. Bado hasara. Mkiiacha picha ilivyo mkarekebisha ukurasa wa kununulia, waagizaji wakapanda kutoka asilimia 2 hadi 3, mtapata oda 54, kila moja kwa 11.11. Hapo mmevuka. Kwa hiyo anzeni na ukurasa.

Ufungue jinsi mnunuzi anavyoufungua: kwa simu ya kawaida, kwa data badala ya intaneti ya ofisini, kwa kubofya tangazo lenyewe ili ufunguke ndani ya Instagram. Shika saa. Hesabu sekunde hadi kitufe cha kununua kionekane. Angalia kama bidhaa ya kwanza kuonekana ndiyo ile ya kwenye tangazo au umetupwa ukurasa wa mwanzo uanze kutafuta. Bei ni ile ile? Fomu ina nafasi ngapi za kujaza, na ngapi kati ya hizo mteja kweli anazitumia? Gharama ya usafirishaji inaonekana wapi? Ikijitokeza hatua ya mwisho kabisa, baada ya mtu kuandika anwani yake yote, wengi huondoka hapo hapo. Jaza oda nzima mpaka mwisho. Wakati mwingine utakuta kitufe cha mwisho kimefunikwa na kibodi ya simu na hakuna mtu ofisini aliyewahi kuliona hilo, kwa sababu wote hujaribu kwa kompyuta.

Jambo la pili lipo kwenye mpangilio wa kampeni. Meta husema kundi la matangazo linahitaji takribani matukio 50 ya aina uliyoiomba, kwa mfano ununuzi, ndani ya wiki moja, ili mfumo umalize awamu ya kujifunza, yaani kujua wa kuwaonyesha tangazo. Ninyi mna oda 36 kwa mwezi, yaani kama 9 kwa wiki. Mkiwa mmezigawa kwenye makundi manne, kila kundi linapata mbili. Mfumo hauna cha kujifunzia. Unganisheni makundi yawe moja. Ikiwa bado hamfiki, ombeni tukio la hatua ya nyuma linalotokea mara nyingi zaidi, kama kuweka bidhaa kwenye kikapu au kuanza malipo. Njia hii ina kasoro yake: mfumo utawatafuta watu wanaopenda kujaza vikapu, na si wote hulipa. Oda zikiongezeka, rudini kwenye ununuzi.

Na mkishawasha, acheni mikono. Ukibadilisha picha, hadhira, tukio au bajeti kwa kiasi kikubwa, kujifunza kunaanza upya. Tumeona kampeni zinazoguswa kila asubuhi kwa hofu ya mteja, na hizo hazitulii kamwe. Bajeti ipandisheni kidogo kidogo, asilimia 20 hivi, mkiacha siku kadhaa katikati. Mkitaka kulinganisha picha mbili, kila kitu kingine kibaki sawa: maneno, hadhira, ukurasa. Ukibadilisha viwili, hutajua kipi kimefanya kazi.

Ads Manager, programu ya Meta ya kuendesha matangazo, inaonyesha oda 36, duka la mtandaoni la mteja linaonyesha 27 zilizotoka kwenye matangazo, Google Analytics, inayopima wanaotembelea tovuti, inaonyesha 19. Mteja ananiuliza nani mkweli. — Nimekwama na ripoti

Zote zinaweza kuwa sahihi, kwa sababu kila moja imehesabu kitu chake. Kwa kawaida Meta hujihesabia oda ikiwa mnunuzi alibofya tangazo ndani ya siku 7 zilizopita, au aliliona tu bila kubofya ndani ya siku 1. Google Analytics haimjui aliyeona bila kubofya. Tena Meta huiweka oda kwenye siku tangazo lilipoonekana au kubofywa, wakati duka huiweka siku pesa ilipoingia. Mtu aliyebofya tarehe 30 akanunua tarehe 3 atakaa kwenye miezi miwili tofauti. Tangu iOS 14.5 ilipotoka Aprili 2021, iPhone humuuliza mtumiaji kama programu imfuatilie, na wanaokataa hawaonekani vizuri; sehemu ya pengo hilo Meta hulijaza kwa makadirio.

Kisha kuna makosa ya mikono yetu wenyewe, na haya ndiyo ya kuyatafuta kwanza. Alama za UTM, zile za kufuatilia zinazoongezwa mwishoni mwa kiungo, hutofautisha herufi kubwa na ndogo: utm_source=Facebook na utm_source=facebook zitatoka mistari miwili kwenye ripoti. Andikeni zote kwa herufi ndogo na mzitunze kwenye lahajedwali moja ambamo kila mtu ananakili, haandiki kwa kichwa. Kiungo kisicho na alama kinaweza kuishia kwenye kundi la waliokuja moja kwa moja. Na pikseli ikifanya kazi pamoja na Conversions API (njia ya seva ya duka kuipelekea Meta matukio moja kwa moja) bila tukio kupewa namba moja ya utambulisho pande zote mbili, oda moja huhesabiwa mara mbili. Agiza oda moja ya majaribio uangalie ndani ya Events Manager, sehemu ya Meta inayoonyesha matukio yaliyopokelewa, kama imeingia moja au mbili.

Kwenye ripoti, namba ya juu kabisa iwe ya dukani, kwa sababu ndiyo pesa. Za majukwaa zifuate chini, kila moja na sentensi moja inayoeleza imehesabiwaje, na kila mwezi mtumie kipimo kile kile. Waliofikiwa na waliopenda viwepo, lakini visipande juu ya mauzo ati kwa sababu vimependeza. Mteja akiona mwezi mmoja unaongoza kwa wafuasi na mwingine kwa maoni, ataelewa kwamba mnachagua kilichopanda.

Nimechapisha picha yangu binafsi kwenye ukurasa wa mteja. Ilikaa dakika nne. Nimeifuta. Nimwambie? — Mwenye hofu

Mwambie, na umwambie kabla hajaonyeshwa na mtu mwingine. Piga simu kwa bosi wako kwanza, kisha mteja aelezwe kwa maandishi: nini kilitoka, saa ngapi, kilikaa muda gani, waliokiona ni wangapi kadiri takwimu zinavyoonyesha, na nini kimebadilishwa ili kisirudi. Kufuta hakufuti skrinishoti. Kinga yake ni rahisi: akaunti za wateja zisikae kwenye programu ile ile yenye akaunti yako. Tumia simu ya kazi, au chapisha kwa kompyuta tu kupitia programu ya kupanga. Wakala ambaye hatoi simu ya kazi huku akitaka ujibu maoni usiku amekuandalia kosa hilo mwenyewe.

Mteja ameshambuliwa kwenye maoni, watu mamia, kwa bidhaa iliyoharibika. Tulifuta maoni, hali ikawa mbaya zaidi. Tungefanyaje? — Timu nzima

Kwanza mngesimamisha kila kilichopangwa kutoka, pamoja na matangazo ya kulipia. Hakuna kinachowasha hasira kama chapisho la furaha lililopangwa wiki iliyopita likitoka katikati ya malalamiko. Hilo ni la dakika tano za mwanzo, na linahitaji kila mtu kwenye zamu ajue kitufe kiko wapi.

Pili, skrinishoti za malalamiko 20 ya kwanza, na mtu mmoja ayapange: wangapi wanasema jambo lile lile, bidhaa ipi, ilinunuliwa lini. Mteja anahitaji hiyo ili ajue kama ni kosa la kweli. Ndani ya saa moja toeni kauli fupi hata kama hamna jibu. Mfano: “Tumeona malalamiko kuhusu bidhaa hii. Tunachunguza, na tutarudi hapa leo saa 11 jioni. Uliyeinunua, acha kuitumia na ututumie namba ya oda kwa ujumbe.” Saa iliyotajwa iheshimiwe, hata kama mtarudi kusema uchunguzi unaendelea. Msiandike “tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza”. Aliyeumia anaisoma kama kwamba mna shaka kama ameumia.

Kufuta ni kwa matusi, viungo vya kitapeli na taarifa binafsi za watu, kama namba za simu. Lalamiko halifutwi. Facebook ina njia ya kuficha, na maoni yaliyofichwa huendelea kuonekana kwa aliyeyaandika na marafiki zake, lakini kumficha mwenye madai ya kweli bado ni kumnyamazisha, na akitazama kwa akaunti nyingine atajua. Jibuni hadharani mara moja, kisha mambo ya oda yahamie kwenye ujumbe. Majibu yasiwe nakala ya neno kwa neno kwa watu 50; andaeni matoleo manne au matano na kila anayejibu ataje alichokisema mlalamikaji. Nani anaidhinisha kauli saa nne usiku? Jina hilo na namba yake vinapaswa kuwepo kwenye ule ukurasa wa taarifa za mteja tangu siku ya kwanza.

Kwa ufupi

*Video ya mteja imezimwa sauti ingawa wimbo huo kila mtu anautumia.* Akaunti ya biashara haina haki sawa na ya mtu binafsi. Nyimbo maarufu zimeruhusiwa kwa matumizi binafsi. Biashara hutumia maktaba ya muziki wa kibiashara ya jukwaa lenyewe, au hununua leseni. Kubadilisha akaunti iwe ya binafsi ili kupata wimbo hakumpi mteja haki ya kuutumia kibiashara.

*Video zetu zinakatwa maneno.* Tengeneza kwa 1080 × 1920 na uache asilimia 14 ya juu na takribani theluthi ya chini bila maandishi, maana hapo hukaa jina la akaunti, maelezo na vitufe.

*Mteja anataka tununue wafuasi 10,000.* Kataeni. Wafuasi hao hawapendi, hawatoi maoni, hawanunui. Chapisho likionyeshwa kwao linaonekana limekufa, na mkijenga hadhira ya matangazo kwa kufananisha na wafuasi hao, mtalipia kuwatafuta wengine kama wao. Mwonyesheni hesabu: watu 200 wanaojibu kati ya 2,000 ni asilimia 10; kati ya 12,000 ni chini ya asilimia 2.

*Tunamlipa mtu maarufu ataje bidhaa. Mkataba uwe na nini?* Idadi ya machapisho na tarehe. Alama ya ushirikiano wa kulipwa iwashwe. Muda chapisho litakaa bila kufutwa. Kama mnaruhusiwa kulitumia kwenye matangazo yenu, na kwa miezi mingapi. Nani anapitisha maneno. Kipengele cha matangazo husahaulika mno, na baadaye hulipiwa ghali.

*Sina uzoefu. Wakala wataona nini kwangu?* Andaa kazi moja kamili kwa biashara ya kubuni, na uandike wazi kwamba ni mazoezi: nusu ukurasa wa tatizo, kalenda ya wiki mbili yenye maneno kamili, machapisho matatu yaliyokamilika, majibu yako kwa maoni matano ya hasira, na kipimo kimoja utakachotumia na sababu yake. Majibu ya maoni ndiyo yatakayosomwa kwanza. Wakikupa jaribio la kazi, uliza litumie saa ngapi. Saa mbili au tatu ni sawa. Wakitaka kalenda ya mwezi mzima ya mteja wao halisi, waombe walipe.